Mkono Usiojua Kusoma

Kazi yangu ni kuvigeuza vitu kichwa chini. Bakuli linapofika kwangu limekwisha kufinyangwa, limekwisha kukauka, limekwisha kupambwa mawingu na mashina ya maua na wale mabwana wa chumba cha mapambo, na kila mtu anaamini limekamilika. Mimi nalilaza mapajani, kinywa chini, kitako juu, kama mama anavyomlaza mtoto kifudifudi ili acheue. Kile kitako, sisi wa kazi tunakiita unyayo. Juu ya unyayo nachora duara mbili nyembamba, moja ndani ya nyingine, na katikati yake naandika herufi sita. Hapo ndipo bakuli linapoanza kuwapo. Kabla ya hapo ni udongo uliojiremba.

Si mimi niliyesema hivyo. Limeandikwa jambo hilo juu ya lango la Mji wa Matanuri, kwa herufi ndefu kuliko watu: KISICHO NA CHAPA HAKIKUFANYWA. Nimepita chini ya lango hilo tangu nabebwa, mara elfu, nikidhani ni picha ya msitu.

Nataka nilifikirie hili pole pole, maana habari hii yote ni swali moja, na swali lenyewe ni dogo kama punje ya ulezi: kitu kikishafanywa, kinamngoja nani aseme kimefanywa? Nimelibeba swali hilo huku nina mtoto mgongoni, na ukiniuliza kipi kilinichosha mabega zaidi, nitakwambia mtoto alikuwa analala angalau.

Mji wetu hauna jua la kutegemewa. Moshi umelifunika tangu enzi ambazo hakuna azikumbukaye, kwa hiyo hatuhesabu siku wala mwaka, tunahesabu mioto. Kila tanuri kuu linapowashwa na kuzimwa, sote tumekua kwa moto mmoja. Mwanangu Mboni ana mioto ishirini na miwili. Mimi nina mia nne na ushei. Mzee wetu kuliko wote ana mioto elfu moja na mia mbili, ila kuna asubuhi anaamka ana mia tisa tu, anapanda ngazi kwa mbio, na hakuna anayemshangaa.

Sheria za kazi yangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, chapa zote za mji zitoke katika mkono mmoja, ili mabakuli yote ya Mtawala yawe ndugu. Ya pili, mkono huo usijue kusoma. Anayejua kusoma, walisema, huongeza. Na asipoongeza, husita. Na kusita kunaonekana kwenye mstari kama nywele kwenye uji. Ikigundulika kwamba mkono umejua kusoma, unaondolewa kwenye benchi, na kila kilichoandikwa nao tangu siku ulipojua kinavunjwa.

Siku niliyochaguliwa, Msimamizi Shekue alinishikia kigae usoni. Mtu mrefu, joho la kijivu, na ndani ya mkono wa joho daima kuna kikombe cha mfano, ambacho hukitoa na kukilinganisha na kazi ya kila mtu, jicho huku, jicho kule. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona nyumba, na mtu amesimama mlangoni, na mvua inanyesha upande mmoja. Akaridhika, akanipa brashi. Nilikuwa nimesema kweli tupu.

Halafu akazaliwa Mboni, na mimi nikataka jambo dogo, dogo mno hata kulisema naona haya: kuliandika jina lake mara moja, mahali fulani, hata kama litafutika.

Kisomo cha jioni kilikuwa ndani ya tanuri lililobomoka paa. Mwalimu Ngwali, mtu mfupi mwenye kikohozi cha vumbi, alikuwa ametandaza majivu sakafuni, nasi tuliandika kwa kidole na kufuta kwa kiganja. Mlangoni hakuulizwa mtu jina. Tulikaa tumejifunika shuka mpaka kwenye nyusi, na kila jioni ilikuwa na watu wake, wa leo hawajuani na wa kesho. Mjini walikuwa wanatucheka bila kutujua. Bi Siwema, anayekaa benchi la jirani na langu akichovya mabakuli katika ule uji mweupe ambao motoni hugeuka kioo, alikuwa na msemo wake: wanakwenda kula majivu hao, mchana watapigana na kiungulia. Nilikuwa nacheka naye. Mwongo mzuri hucheka wa kwanza.

Kitu cha kwanza nilichokisoma maishani mwangu kilikuwa kazi ya mkono wangu mwenyewe. Mwalimu alizichora zile herufi sita kwenye majivu, akazitaja moja moja, maana kwetu kila herufi ni neno zima, na ghafla ile nyumba ikabomoka, yule mtu akaondoka mlangoni, mvua ikakatika. Pakabaki maneno. *Kimefanywa katika enzi ya Ukunjufu Mkuu.* Ndivyo alivyojiita mtawala wetu wa wakati ule, Ukunjufu Mkuu. Nikauliza, kimefanywa na nani? Mwalimu akakohoa, akasema herufi ni sita tu, mtu huyo hakupata nafasi.

Hapo ndipo nilipokasirika. Hasira ile sijaitua mpaka leo. Nimeibeba ubavu mmoja, na mtoto ubavu wa pili, na nimeona mizigo miwili hunyoosha mgongo kuliko mmoja.

Kitabu chetu cha kiada kilikuwa shimo. Nyuma ya matanuri kuna Shimo la Vigae, na kila bakuli la Mtawala lenye dosari, hata doa la ukubwa wa jicho la sisimizi, huvunjwa na kuzikwa humo, kwa sababu alichokikataa yeye hakuna mwingine anayeruhusiwa kukilia chakula. Enzi juu ya enzi, vigae vimelala kwa matabaka, na Mwalimu alikuwa amechimba ngazi pembeni. Kila kipandio ni enzi moja. Tulishuka kimya, Mboni mgongoni ananipumulia shingoni. Kusoma tulianzia chini kabisa, tukapanda.

Chini kabisa hapakuwa na chapa. Palikuwa na alama ya kidole gumba tu, karibu na unyayo, pale mfinyanzi alipolishika bakuli kulichovya. Nikaweka gumba langu humo. Likaingia lote. Nikawa yeye: nimekaa kwenye jua, jua lenyewe, udongo umenikaukia viwikoni, na mgongoni nina mtoto, na mtoto ni Mboni, ana meno mengi kuliko aliyonayo sasa. Mtu alipita akaniuliza bakuli limeiva? Nikasema limeiva. Hakuna kingine alichouliza.

Kipandio cha pili kilikuwa cha mtawala aliyetaka kuonekana. Huyo aliandikwa mdomoni mwa bakuli, begani, shingoni mwa birika, na ndani kabisa, chini ya chakula. Unakunywa uji wako taratibu, unamkuta huko chini anakutazama. Nilimwandika mahali pote hapo, nikiwa na vidole vya mwanamke mwingine, na Mboni akanihesabia mikunjo ya mkono, akafika sabini.

Kipandio cha tatu mtawala alishuka, akaenda kukaa chini ya unyayo, akajizungushia duara mbili, akatulia. Mwalimu alituacha pale muda mrefu. Wengine wakasema huyu alikuwa mnyenyekevu. Mimi nilikaa na kile kigae mkononi nikafikiri: la, huyu alikuwa mjanja kuliko baba yake. Jina lililo usoni unaweza kuligeuzia uso. Jina lililo chini hulioni, unalibeba. Meza nzima inalala juu yake, karamu nzima, harusi na matanga, na hakuna anayelitaja, na kwa sababu hakuna anayelitaja hakuna anayelipinga. Tangu siku hiyo ninapoingia nyumba yoyote nataka kugeuza kila kitu nitazame chini yake. Kiti. Ndoa. Methali.

Kipandio cha nne kilinifanya nicheke peke yangu. Waandishi wa enzi hiyo walichoka na mtawala wao, wakarudi kuandika jina la mtawala aliyekufa zamani, waliyempenda. Hawakuasi, walisema wanaheshimu wazee. Basi wakati wenyewe ukakubali, ukarudi nyuma. Kwenye kipandio hicho nilimkuta mwanamke ananyonyesha mtoto, nikamwamkia, akaniambia huyu ni mama yangu, alikuwa mkali sana, sasa namlea mimi.

Cha tano herufi zilikuwa zimekunjwa kuwa boksi, pembe kwa pembe, mistari imebanana kama vijiti kwenye tita, na hata Mwalimu Ngwali hakuweza kuzisoma. Enzi hiyo, alisema, chapa haikutaka tena kusomwa. Ilitosha iogopwe.

Na pale, kwenye kipandio cha tano, ukuta wa shimo ulikuwa na ufa, na mwanga ukipita. Nikachungulia. Niliona ufuko wa nchi nyingine na kaburi refu la mawe ya matumbawe, na kwenye ukuta wa kaburi bakuli letu, la mji wetu, limepachikwa kwenye chokaa. Uso wake ulikuwa nje, maua yetu na mawingu yetu yametazama watu. Unyayo umezama ukutani. Mama mmoja alikuwa anafagia majani. Nikamuuliza kwa ufa, mama, chini ya bakuli hilo pameandikwa jina la nani? Akainua uso bila kuona ninakotokea.

"Jina gani tena, mwanangu? Hapa kalala bibi yetu. Na bakuli ni lake, alikuwa akilia wali."

Akaendelea kufagia. Jina la mtawala mkuu wa herufi za boksi lilikuwa linautazama ukuta, limejaa chokaa kinywani.

Kipandio cha juu kabisa, kile cha sita, kilikuwa chetu. Vigae vipya, vingine nimeviandika mimi. Duara mbili, na katikati weupe. Maana Ukunjufu Mkuu aliambiwa siku moja kwamba mabakuli yake yaliyovunjika yanakanyagwa, kwamba kuku wanaparua juu ya jina lake, akashtuka, akakataza lisiandikwe tena popote. Lakini hakuna aliyethubutu kukataza zile duara, kwa sababu hazikutajwa. Kwa mioto thelathini nilichora duara mbili na kuziacha tupu. Nilizipenda. Zilikuwa kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo akaamua kwanza asikilize. Katika mioto hiyo thelathini walizaliwa mjini watoto kumi na watatu, na mmoja wao ni Mboni.

Kisha Ukunjufu Mkuu akafa, na akaja mwingine, akachagua enzi yake iitwe Haki Kamili.

Agizo lake alilileta Shekue asubuhi, katikati ya kazi. Alipanda juu ya kasha, akaukunjua waraka mpana, akautamka wote bila kukosea, macho yakiwa juu ya vichwa vyetu. Mioto thelathini mitupu isiwepo. Kila bakuli lenye duara tupu lirudishwe, liandikwe chapa ya Haki Kamili kwa rangi nyekundu juu ya kioo chake, lipitishwe kwenye moto mdogo. Na kwa kuwa kisicho na chapa hakikufanywa, watoto waliozaliwa katika mioto hiyo nao waletwe, waandikwe nyayoni. Hapo watakuwa wameanza kuwapo. Sehemu hiyo aliisema kwa upole, kama mtu anayegawa sukari.

Bi Siwema alinigeukia, mikono yake mieupe inachuruzika. Alisema nishukuru, mwanangu kapata enzi ya bure, nami nimenuna kama niliyemeza tofali. Wenzako, alisema, wamezeeka hawana hata alama ya ndui.

Nilikuwa naitazama ile rangi nyekundu. Ninyi msiofanya kazi hii hamjui, basi niwaambie. Dawa yetu ya kuandikia, ya siku zote, ni nyeusi ukiipaka, na motoni hugeuka buluu. Inalala chini ya kioo, na ikishaungua imekuwa bakuli lenyewe, huwezi kuitoa mpaka uvunje. Nyekundu inakaa juu ya kioo. Ukucha wenye subira unaweza kuimaliza. Nikajua jambo ambalo Shekue hakulijua, au alilijua akalimeza: Mtawala ana haraka. Mwenye wakati wake hana haja ya kuuandika upya.

Siku ya kuandikwa, meza ndefu ya kukaushia iliwekwa uani, na watoto kumi na watatu wakaketishwa juu yake, miguu imening'inia. Wengine walikuwa wanatafuna mikate. Mboni aliwekwa wa kwanza, ikiwa ni heshima kwangu mimi mwenye mkono. Alikuwa amepiga hatua zake nne za kwanza juzi yake, kutoka ukutani hadi gotini kwangu, akaanguka, akajipigia makofi.

Nilimshika kisigino. Unyayo wake ulikuwa laini kama kitako cha mkate wa kumimina, haujakanyaga chochote bado cha kuufanya mgumu. Nikachovya brashi. Ncha ilipomkaribia akakunja vidole, akacheka. Nikasita. Mstari ungeonyesha, kama kungekuwa na mstari.

"Bwana Msimamizi," nikasema, "huyu anajifunza kutembea."

"Namwona."

"Basi jina hili atalikanyagia matope. Na kinyesi cha kuku. Si ndicho alichokikimbia yule aliyetangulia?"

Mama mmoja nyuma yangu aliponyokwa na kicheko akakifanya kikohozi. Shekue alikitoa kikombe cha mfano mkononi mwa joho, akakitazama unyayoni muda mrefu, kana kwamba jibu lilikuwa huko. Alipokirudisha, uso wake ulikuwa umetulia.

"Hawatatembea," akasema. "Watakaa rafuni, juu ya mito, watalishwa vizuri. Bakuli gani la Mtawala uliwahi kuliona linatembea?"

Hatatembea.

Hatua nne tu.

Kutoka ukutani hadi gotini. Nne, na ya nne ilikuwa nusu.

Nililigeuza neno hilo kichwa chini kama nigeuzavyo kila kitu, nikatazama chini yake, na chini yake hapakuwa na hasira wala chuki ya mtoto wangu, hata Shekue mwenyewe hakuwapo. Palikuwa na utaratibu tu. Kitu kikianza kwa kuliuliza bakuli lilifanywa enzi ya nani, mwishowe kitamwuliza mtoto kwa nini ana magoti. Na kama mimi, mimi niliyembeba, niliyemsikia akigonga kutoka ndani kama mgeni aliyesahau funguo, nikiandika sasa herufi sita hizi, basi ni mimi nitakayekuwa nimemwondoa, si wao. Wao hawajui kuandika. Wana mimi.

Nikaosha brashi. Nikaifuta kwenye gauni langu. Nikailaza mezani.

"Mimi najua kusoma," nikasema.

Shekue aliinama mpaka sauti yake ikawa ya sisi wawili. Alisema sijasema kitu. Alisema niandike, kwa ajili ya wazee wangu niandike, na nilimwona jasho likimtoka juu ya mdomo, maana alikuwa amekwisha kupiga hesabu: ikiwa mkono huu unajua kusoma tangu Mboni ana mioto mitatu, basi kila bakuli lililotoka tangu hapo ni la kuvunjwa, pamoja na lile ambalo Haki Kamili alinywea supu asubuhi ile.

Kwa hiyo nilisema tena, kwa sauti ya kuitia watoto chakula. Na kwa vile neno tupu halitoshi, niligeuka nikaunyooshea kidole ule msitu wa langoni, nikausoma wote, neno kwa neno, na uani watu waliinua vichwa kuutazama kama wanaouona leo.

"Kisicho na chapa hakikufanywa," nikamaliza. "Ni uongo. Huyu nilimfanya mimi. Mioto yote ya mimba nilikuwapo."

Mama aliyekohoa alikwenda mezani akamteremsha wake. Halafu wa pembeni. Hakuna aliyekimbia. Waliwateremsha kama mtu anavyoteremsha sufuria jikoni, kwa sababu chakula kimeiva.

Sheria ni sheria, na Shekue alikuwa mtu wa sheria. Brashi akainyakua, kwenye benchi akanitoa, na akatangaza kwamba mabakuli ya kuvunjwa yatahesabiwa baadaye, ila kabla tanuri halijawashwa tena utapatikana mkono mwingine, na mkono huo utaanzia na Mboni. Akachukua kigae chenye chapa ya zamani, akaanza nyumba ya kwanza. Nikamfuata. Hakunikataza. Mboni alinishika kidole kimoja, na kwa kuwa alikuwa anachoka kila hatua ya tano, msafara wa serikali ulikwenda kwa mwendo wake.

Niwaambie kazi ile ilikuwa na raha gani. Benchi la mwandishi liko dirishani. Habebi udongo, hapasui kuni, anakula wali mweupe. Alichotakiwa mtu kufanya ni kutazama kigae na kusema haoni kitu. Uongo mwepesi, hata mimi niliwahi kuusema ulipokuwa kweli.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mbeba udongo, mtu mwenye nundu ya mzigo begani, mioto mia sita ya kupanda kilima. Alikipokea kigae kwa mikono miwili. Alilitazama dirisha letu lile ng'ambo. Alinitazama mimi, akamtazama Mboni ambaye alikuwa amekaa chini anamvua Msimamizi kiatu. Kisha akasoma. Alisoma vibaya, aliruka herufi moja, akarudi kuifuata, akaifikia. Shekue akavuka kwenda nyumba ya pili, na huko mama na binti wakasoma kwa pamoja, wakagombana juu ya herufi ya tano. Wapasua kuni walisoma. Yule mzee, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na mioto mia tatu na ndevu nyeusi, alisoma kwa kidole hewani. Mtaa kwa mtaa, watu ambao sikuwahi kujua tulikuwa tumeyafuta majivu yaleyale kwa viganja tofauti, kila mmoja kwa jioni yake, kila mmoja akiamini yuko peke yake mjini na ugonjwa huo. Hakuna aliyesema neno la ushujaa. Walisoma, wakarudisha kigae, wakafunga mlango.

Bi Siwema tulimkuta kazini. Shekue alimwendea akiwa na tumaini, maana nani asiyejua msimamo wa Bi Siwema. Alikausha mikono kwa kujivuta, akakiweka kigae mbali na macho, urefu wa mkono mzima, akakunja uso.

"Ki-me-fa-nywa," akasema. Akavuta pumzi. "Ka-ti-ka."

Alifika mwisho, jasho linamtoka. Akanigeukia.

"Na wewe usinikodolee. Majivu ni ya mama yako peke yake?"

Shekue alikwenda mpaka kwa watoto. Aliwapima waliofika magotini kwake. Wao walikuwa wamefundishwa na mama zao, walisoma kwa wimbo. Akainama akamshikia Mboni kigae. Mboni akakitia mdomoni. Nikakitoa. Nilimwonea huruma, sina sababu ya kuficha: mtu mzima, amechoka, joho limeingia vumbi, anatafuta mjini pote ujinga mmoja tu wa kazi na haupati.

Tuliporudi uani watu walikuwa wamejaa, na mbele yao amesimama Mwalimu Ngwali. Mchana sikuwahi kumwona. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na mwekundu wa macho. Alimwomba Msimamizi kile kigae kwa adabu, akakishika, halafu akamrudishia uso kwa uso.

"Bado mtu mmoja hajaulizwa, bwana," akasema. "Hapo pameandikwa nini?"

Shekue alikitoa kikombe cha mfano. Akakiweka sambamba na kigae. Jicho huku, jicho kule. Akakigeuza kigae upande. Akakigeuza tena. Nasi tukamtazama yule aliyetutolea maagizo yote, enzi baada ya enzi, bila kukosea neno, macho juu ya vichwa vyetu; na tukaelewa kwa nini macho hayakuwahi kushuka kwenye waraka. Hakuna aliyecheka. Nilitarajia Bi Siwema angalau. Naye alikuwa anaitazama mikono yake.

Sheria ilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyeijua zaidi. Alivua joho, akalikunja vizuri, akaenda kukaa kwenye benchi langu. Magoti yake hayakutosha chini ya meza. Akasema aletwe mtoto wa kwanza.

Ningeweza kukimbia na Mboni. Kila mama angenifungulia mlango. Lakini nilikuwa nimechoka na wazo kwamba mwanangu atafichwa ili awepo. Nikampeleka mimi mwenyewe, kwa miguu yake, hatua zote kutoka kwenye umati hadi kwenye benchi, na sikuzihesabu. Mboni akamkabili Shekue, akamwinulia mikono abebwe, kama anavyowafanyia watu wote. Shekue akampakata, akaushika unyayo wake. Akachovya brashi kwenye nyekundu. Tone likaanguka kwenye shati lake, na lingine, maana alikuwa ameichovya mpaka kwenye mpini, kama mtu asiyewahi kuchora hata duara.

Moshi ulipita uani ukatoka. Mboni alikuwa anavuta kifungo cha shati.

"Mama Mboni," akasema bila kuniangalia, "wewe ulikuwa unaanzia wapi?"

Ningeweza kumwonyesha. Mkono unainuliwa hivi, brashi inasimama wima, mstari wa kwanza unatoka juu. Mioto yote nilifanya hivyo na kusifiwa.

"Huko kwenye majivu nilianza na jina la mwanangu," nikamwambia. "Wewe anza na lako."

Shekue aliilaza brashi mezani. Akauachia unyayo wa Mboni, mweupe kama ulivyokuja, na mtoto akateleza kutoka mapajani mwake akasimama chini, ameshikilia goti la Msimamizi. Halafu Shekue akajongea karibu na sikio langu, ili wale mama wengine wasisikie, akaniuliza linaandikwaje.